Upepeo wa Karatasi na Mji wa Baridi

Historia ya upepeo wa mkononi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya joto, lakini Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo uliojengwa juu ya rasi za Ziwa Kivu katika mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako jioni watu hutafuta sweta badala ya upepo, unaonyesha kwamba chombo hicho kina historia mbili, ya mapambo na ya moto wa jikoni, na kwamba hizo mbili si lazima zikutane.

Upepeo wa kukunjwa, yaani ule wenye mbavu nyembamba za mti au mwanzi zilizofungwa pamoja kwenye ncha moja na kubeba karatasi yenye mikunjo, ulibuniwa Japani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ukafika Ulaya kwa mikono ya Wareno katika karne ya 16, na katika karne ya 18 ukawa sehemu ya vazi la mwanamke wa tabaka la juu huko Paris na London, mji ambao mafundi wake wa pepeo walipewa hati ya chama chao mwaka 1709. Mchoraji alipaka rangi za maji karatasi ikiwa bado bapa, imekatwa kama upinde mpana, huku akipanga nyuso za watu zisiangukie palipokusudiwa kukunjwa, kwa maana pua iliyovunjwa na mkunjo huharibu picha nzima, hata iwe imechorwa kwa ustadi namna gani. Baada yake mkunjaji aliilaza karatasi kati ya kalibu mbili za karatasi ngumu zilizokwisha kutiwa mikunjo, akazifunga zote pamoja na kuzibana, ndipo mbavu zikapenyezwa na kugandishwa kwa gundi.

Mtindo huo haukuwa na nafasi kubwa ya kuota mizizi Bukavu. Wabelgiji waliupa mji jina la Costermansville mwaka 1927, kwa kumbukumbu ya afisa wao Paul Costermans, na mwaka uliofuata ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, shirika lililogawa mashamba kwa walowezi. Kwa hiyo mitindo ya Ulaya, ambayo bado inaonekana katika majengo ya enzi hiyo mjini, ilimiminika wakati upepeo wenyewe ulikuwa umeanza kuwatoka wanawake wa Ulaya mikononi na kugeuka karatasi ya matangazo ya hoteli na manukato. Ulichelewa, na hata ungewahi, baridi ya Kivu isingeupa kazi.

Kazi ilikuwepo jikoni. Katika pwani ya Waswahili kuna upepeo wa ukindu, majani ya mkindu yanayosukwa kuwa ukili na kutiwa mpini, ambao hupepea mgeni sebuleni na makaa jikoni bila kubagua. Bukavu, kazi ya pili ndiyo yenye uzito, na mara nyingi hufanywa na kipande cha katoni kilichochanwa kwenye boksi la bidhaa. Mpishi hupepea mdomo wa chini wa mbabula, yaani jiko dogo la makaa, ambayo huko huitwa makala, wala hapepei juu, ili majivu yasirukie sufuria. Katoni hulegea kwanza pale vidole vinapoishika, hivyo hugeuzwa upande mwingine kabla ya kutupwa motoni pamoja na makala. Pengine hakuna upepeo wa karatasi ulio mnyofu kuliko huu, nao haujawahi kuwekwa katika kabati la makumbusho.

Bwawa la umeme la Ruzizi, kwenye mto unaotoka ziwani pembeni mwa mji, lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini umeme wake haukuzifikia nyumba zote, na hata zilizofikiwa huzimikiwa mara kwa mara. Mbabula haikuondoka katika mitaa ya mji kama Kadutu na Bagira, na mahitaji ya makala yameendelea kuibana misitu, ikiwemo ile ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970.