Siti binti Saad na Nyimbo Zilizohifadhiwa Vifuani

Taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa mno na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kingali hai. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu na waimbaji walikuwa wanaume. Watu wa Ng'ambo, mtaa wa walalahoi na wa waliotoka utumwani, walisikia sauti kwa mbali tu. Maneno yalikuwa ya wenyewe.

Aliyeyageuza mambo alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti naye akafinyanga vyungu, akavitembeza kwa miguu, akivinadi kwa sauti ya kuimba ili wanunuzi wamsikie akiwa bado mbali. Mimi naamini koo lake lilikomaa katika kazi hiyo. Mwaka 1911 alihamia mjini, na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa akamfundisha kuimba na kutamka Kiarabu. Jina la Siti lilikuja baadaye, pamoja na heshima.

Aliimba kwa Kiarabu barazani kwa wakubwa, lakini nyumbani kwake Ng'ambo aliimba kwa Kiswahili. Huko wenziwe, akina Mbaruk Talsam na Subeit Ambar, walikaa naye usiku wakitunga juu ya mambo yaliyotokea mjini. Wimbo wa Kijiti ni mfano mkubwa. Mwanamke aliuawa, muuaji akakimbilia bara, na waliofungwa ni wanawake wenzake waliotoa ushahidi. Wimbo huo uliisema mahakama ya wakoloni pale ambapo raia wa kawaida hakuwa na pa kusemea. Wapo waliomkejeli Siti kwa sura yake na asili yake. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwa adabu, na jibu lake ndilo lililodumu.

Mwaka 1928 walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu. Wimbo ambao Ng'ambo uliimbwa kwa muda mrefu, watu wakitunza na kudai ubeti urudiwe, ilibidi upunguzwe mpaka ukaenea humo. Kwa hiyo tunachokisikia leo kwenye santuri hizo ni sehemu tu ya wimbo.

Beti nyingine zilibaki kwa watu. Gramafoni ilikuwa ghali, na mwenye nayo hakusikiliza peke yake: majirani walijaa ukumbini na barazani, sahani ikageuzwa, sindano ikabadilishwa, kinanda kikatiwa ufunguo, na wimbo ukarudiwa hadi watoto wakaukariri. Waliokuwa wamemsikia Siti mwenyewe waliongeza beti ambazo santuri haikuzipata. Mapenzi ya namna hiyo, ya kusikiliza pamoja na kusahihishana, yamehifadhi nyimbo nyingi kuliko makabati ya kampuni.

Mwanafunzi mashuhuri wa njia hiyo ni Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude. Nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza, akazibeba kwa sauti yake nzito hadi majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX. Alifariki Aprili 2013. Siti mwenyewe alikuwa ametangulia Julai 1950, lakini si kabla ya mwandishi Shaaban Robert kuzungumza naye. Kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka 1958. Ni jambo la kushukuru sana, maana waimbaji wetu wengi wa zama zile walikwenda bila kuulizwa neno.

Ndugu msomaji, ikiwa kwenu kuna santuri kuukuu chini ya kitanda, usizitupe wala usiwauzie wanaotafuta mapambo ya ukutani. Zinavunjika upesi, tafuta anayeweza kuzinakili. Na ikiwa yupo bibi au babu anayezijua nyimbo hizi, kaa naye, washa simu yako umrekodi, na usimkatize: mwache aimbe beti zote.