Mboni, si mtoto wa jicho

Ukishajua kwamba Gangilonga ya Iringa ni jiwe linaloongea, jina la Liganga, kwenye milima ya chuma kule Ludewa, halikupi taabu. Mboni nayo imeficha ukoo wake vivyo hivyo. Sisi husema ona. Warundi na Wazulu husema bona. Ile b ya kale ilitudondoka kwenye kitenzi, ikasalia kwenye mboni kwa kukingwa na m. Warumi waliiita kwa neno la kibinti, maana ukimtazama mtu machoni unajiona mdogo mle ndani. Mimi naona letu limelenga zaidi.

Lakini mtoto akizaliwa na mboni moja ndogo kuliko mwenzake, watu husema "ana mtoto wa jicho" au "ana makengeza". Siyo. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Makengeza ni macho kutotazama pamoja. Mboni kutolingana huweza kutoka kwenye neva, kama katika hali aliyoieleza daktari Mswisi Johann Friedrich Horner mwaka 1869: neva inayopanua mboni, inayopitia kifuani na shingoni, haifanyi kazi upande mmoja. Kope hulegea kidogo, na aliyezaliwa nayo huenda jicho hilo likawa na rangi hafifu. Gizani tofauti huonekana zaidi. Wakati mwingine chanzo ni jeraha la kuzaliwa. Mara chache ni uvimbe.

Kwa hiyo, mzazi, ukifika kliniki usiseme "jicho linasumbua". Sema: mboni hazilingani.