Kikomo cha Nani?

Kilwa, chombo kikirudi na samaki, mapato kwa kawaida hugawanywa kwa mafungu: kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha huja fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia. Faida ina kanuni inayojulikana hata na watoto wa pwani. Hasara je? Hapo ndipo wanasheria wanapotuletea neno dhima, yaani wajibu wa kulipa deni.

Tuseme watu watatu wa Kilwa Masoko wamechanga shilingi milioni 2 kila mmoja, wakakopa milioni 12 kununua boti na mashine. Wamesajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, wamepewa cheti, na mtaani wanajiita "kampuni". Kisheria hao ni wabia tu. Neno lenyewe tamu, maana bia ni kuchanga na kula pamoja, ila limenyamaza kuhusu kulipa. Boti ikizama, mdai anaweza kumwendea mmoja wao kwa deni zima, mpaka kwenye nyumba na mikorosho yake. Kuwadai wenzake ni shauri lake mwenyewe, baadaye.

Kampuni ya hisa, iliyosajiliwa kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, ni mtu mwingine mbele ya sheria: inamiliki, inakopa, inashtakiwa. Watu huiita "limitedi", na wapo wanaodhani maana yake ni kampuni kubwa. Wafasiri huandika "kampuni yenye dhima ya kikomo". Hapo ninabishana nao. Dhima ya kampuni haina kikomo. Itadaiwa mpaka ibaki na mhuri wake tu. Chenye kikomo ni dhima ya wanahisa: aliyelipia hisa za milioni 2 hupoteza milioni 2, basi. Mimi ningeandika "kampuni ya wanahisa wenye dhima ya kikomo". Ni refu, najua, na mchora vibao atalalamika.

Ushirika ni mlango mwingine, na wakulima wa ufuta wanaouza kupitia AMCOS, vyama vyao vya msingi, chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, wanaujua: kila mwanachama kura moja, awe na hisa ngapi.

Ila kabla ya kukimbilia limitedi, someni karatasi za mkopo. Mkopeshaji akiona kampuni changa haina mali, huwataka wanahisa wasaini udhamini binafsi. Aliyesaini, nyumba yake ya Masoko imerudi ndani ya deni.