Ukarabati wa stadi na thredi katika injini ya Volkswagen Beetle

Ukarabati wa stadi na thredi ni kazi ya kuyarudishia nguvu ya kushika matundu ya injini ambayo thredi zake zimeliwa, au zimeng'oka pamoja na stadi. Makala haya yanahusu zaidi injini ya Volkswagen Beetle, yenye silinda nne zilizolala na kupozwa kwa hewa, kwa kuwa ni injini ambayo ugonjwa huu unajulikana sana. Injini ya jamaa yake, Porsche 911, imetajwa kwa ufupi karibu na mwisho.

Chanzo

Kesi ya injini ya Beetle imesubiwa kwa aloi ya magnesi katika nusu mbili zinazofungwa pamoja. Silinda ni za chuma cha kusubu, hedi ni za alumini, na stadi ni za chuma cha pua. Kila upande una stadi nane, jumla 16. Stadi hizo hujikita ndani ya kesi, hupita kando ya silinda na kutokeza kwenye hedi, ambako nati hukazwa. Silinda haina bolti wala kitu kingine cha kuishika isipokuwa kubanwa kati ya kesi na hedi.

Metali hizi nne hazitanuki sawa. Joto likipanda kwa nyuzi 100, kipande cha alumini chenye urefu wa mm 100 hurefuka takriban mm 0.23, cha magnesi mm 0.26, na cha chuma cha pua mm 0.12 tu. Kwa hiyo injini inapochemka hedi huisukuma nati nje, stadi huvutwa, na mvuto wote huishia kwenye thredi chache zilizokatwa katika magnesi, metali iliyo laini kuliko zote nne. Injini ikipoa, mvuto hulegea. Gari la kazi hurudia mzunguko huo kila siku kwa miaka mingi.

Jambo linalosahauliwa na wanaomlaumu fundi peke yake ni kwamba magnesi ya moto hulegea pole pole. Aloi ya AZ81 iliyotumika katika kesi za zamani hupoteza ushupavu inapopita nyuzi 120 hivi za Selsiasi, na thredi zake hujivuta kidogo kidogo chini ya mzigo hata kama nati haijaguswa tangu kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Volkswagen ilihamia AS41, kisha AS21, aloi zenye silikoni zinazovumilia joto vizuri zaidi. Hatua hiyo ilikuja injini ikiwa tayari imekua. Ile ya sentimita za ujazo 1192 iliyotoa nguvu farasi 30 mwaka 1954 ilikuwa imefika 1584 na nguvu farasi 50, huku umbo la kesi likibaki karibu lile lile.

Stadi zenyewe zilikuwa nene mno. Kwa muda mrefu zilikuwa za mm 10, na mtu angedhani unene ni nguvu. Kumbe stadi nene hainyumbuki, na isiponyumbuka huung'oa mzizi wake. Stadi ya mm 8, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na bushi za chuma zilizowekwa kiwandani, ina eneo la kuvutwa lisilozidi theluthi mbili ya lile la mm 10. Hurefuka kama springi na kuinusuru kesi. Hayo ndiyo marekebisho ya busara kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika injini hii.

Makosa ya binadamu huongezea. Kubwa kuliko yote ni kukaza nati kwa nguvu za mkono bila spana ya toki. Mengine ni kuondoa mabati yanayoelekeza hewa kwenye silinda, kuacha mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi ukiwa umechanika, na kuendesha na mkanda wa feni uliolegea. Silinda namba 3 huumia kuliko wenzake katika injini za kabla ya 1971, kwa sababu kipoza oili kilisimama mbele yake na kuinyima hewa baridi.

Dalili

Nati ya hedi huzunguka bila kufikia kipimo cha toki. Injini ikiwaka husikika mfoko wa pumzi kwenye ungio la silinda na hedi, na kompresheni ya silinda hiyo hushuka. Stadi ikichomolewa hutoka na ukanda wa magnesi uliojiviringisha kwenye thredi zake kama springi ndogo.

Kutoa stadi

Stadi iliyoshika hutolewa kwa kufunga nati mbili, moja ikiibana nyingine, kisha kuzungusha ile ya chini. Ikigoma, kesi hupashwa moto kwa utaratibu kuzunguka tundu, kwa kuwa magnesi hutanuka zaidi ya chuma na kuiachia. Moto wa mtungi haufai kukazwa mahali pamoja. Stadi iliyokatika usawa wa kesi hutobolewa katikati kwa drili.

Kuweka bushi

Tiba inayokubaliwa na wengi ni bushi ya chuma yenye thredi nje na ndani. Kwa stadi ya mm 10, bushi ya kawaida ina thredi za nje za mm 14 kwa hatua ya mm 1.5, na za ndani za mm 10 kwa hatua ya 1.5. Zipo pia zenye tundu la ndani la mm 8, zinazomwezesha fundi kubadilisha stadi zote ziwe nyembamba katika kazi hiyo hiyo. Bushi huwa na eneo kubwa zaidi la kuishika magnesi, kwa hiyo tundu lililotengenezwa vizuri hushika kuliko lilivyoshika likiwa jipya.

Kazi yenyewe hufanywa kesi ikiwa imevuliwa silinda, na ni bora kama imefunguliwa kabisa. Kabla ya kutoboa, njia za oili na matundu yanayoelekea ndani huzibwa kwa kitambaa na grisi. Tundu hupanuliwa kwa biti ya mm 12.5, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika: tundu lazima lisimame wima juu ya uso wa kesi unaokaliwa na silinda. Likipinda kidogo tu, stadi itakuwa imekwenda kando inapofika kwenye hedi, nayo hedi haitaingia bila kulazimishwa. Drili ya mkononi isiyo na mwongozo haifai. Fundi mwenye mashine ya kusimama huitumia, na asiye nayo hufunga bamba nene la chuma lenye tundu la mwongozo kwenye matundu mazima ya jirani.

Thredi hukatwa kwa tepu tatu kwa mfuatano, ya kuanzia, ya kati na ya kumalizia, zikilainishwa kwa mafuta ya taa. Tepu husogezwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili ikate chenga na kuzitoa. Chenga za magnesi hushika moto, na moto wake haumwagiwi maji kwani maji huuchochea. Mchanga mkavu uwe karibu. Kila chenga itolewe, kwa kuwa inayobaki itaishia kwenye pampu ya oili au kwenye beringi.

Bushi hupakwa gundi ya kufungia thredi na kuingizwa mpaka ikae chini kidogo ya uso wa kesi. Ikitokeza, silinda itakaa juu ya bushi badala ya kukaa kwenye kiti chake, na ungio litavuja. Gundi hapa kazi yake ni kuzuia bushi isizunguke, basi. Kujaza tundu lililoliwa kwa gundi ya chuma na kurudisha stadi ile ile ni kumdanganya mwenye gari.

Ufungaji wa hedi ni wa hatua mbili. Kwanza nati zote hukazwa hadi Nm 10 hivi kwa mpangilio wa kwanza wa kufuatana kwa nati, kisha kwa mpangilio wa pili hadi kipimo kamili, takriban Nm 31 kwa stadi za mm 10 na Nm 25 kwa zile za mm 8. Kuipa stadi ya mm 8 kipimo cha mm 10 ni kosa linalorudiwa mno.

Waya wa Heli-Coil

Heli-Coil ni waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye umbo la almasi ukikatwa, uliosokotwa uwe thredi. Tundu hukatwa kwa tepu yake maalumu, waya huzungushwa ndani, na kiulimi cha chini huvunjwa na kutolewa. Hutaka nafasi ndogo na hufaa sana kwa matundu ya mm 6 na mm 8 ya alumini. Kwa stadi za hedi katika magnesi ni hafifu kuliko bushi, ingawa umetumika sana.

Tundu la plagi

Plagi za Beetle zina thredi za mm 14 kwa hatua ya 1.25, na shingo ya mm 12.7. Tundu huliwa kwa plagi kuingizwa mshazari, jambo rahisi kutokea kwa kuwa mabati huzuia mkono na macho, au kwa kuichomoa injini ikiwa bado ya moto. Njia nzuri ya kuianzisha ni kuichomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole: ikipinda, mpira huteleza kabla thredi hazijaumia.

Tundu lililoharibika huwekwa Heli-Coil au bushi kamili kama Time-Sert. Baadhi hukata thredi hedi ikiwa mahali pake, tepu ikiwa imepakwa grisi ili inase chenga. Hufanya kazi, lakini chenga moja ikibaki hukwaruza silinda, na kuvua hedi ndiyo njia salama.

Sampu na ekzosi

Stadi sita za mm 6 za bamba la sampu hukazwa kwa Nm 7 tu, na huliwa mara kwa mara kwa sababu kila anayebadilisha oili huzigusa. Hutengenezwa kwa stadi ya ngazi, yenye mm 8 upande wa kesi na mm 6 upande wa nati. Stadi za ekzosi hukatika kwa kutu. Za pampu ya oili ni nadra kuharibika.

Porsche 911

Porsche 911 ilitumia kesi ya magnesi kuanzia modeli ya 1968. Injini za lita 2.7 za 1974 hadi 1977 zinajulikana kwa kung'oa stadi, na kesi zake huwekwa bushi katika matundu yote 24. Modeli ya SC ya 1978 ilitoka na kesi ya alumini.

Afrika Mashariki

Beetle ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, katika barabara za vumbi na tope zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika magari yaliyoishi pwani, chumvi ya hewa huharakisha kutu pale chuma kinapogusana na magnesi, na stadi huwa ngumu kutoka. Bushi isiyopatikana dukani huchongwa na mkerezaji kutokana na bolti ngumu.

Hali ya sasa

Beetle ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Kesi mpya za alumini huuzwa, ingawa ni nzito zaidi. Kesi ya zamani ya magnesi isiyo na ufa wala beringi zilizolegea inafaa kuokolewa. Mwenye injini iliyofunguliwa mezani leo, na ambayo haina bushi, aweke zote 16 kabla ya kuifunga, hata kama ni stadi moja tu iliyong'oka.