Ugomvi wa Kiingilio katika Jumba la Covent Garden

Jumba la michezo la Covent Garden, mjini London, liliteketea kwa moto Septemba 1808. Lilipofunguliwa upya tarehe 18 Septemba 1809, kwa mchezo wa Macbeth, msimamizi wake, John Philip Kemble, alikuwa amekwisha kupandisha kiingilio: katika roshani kutoka shilingi 6 hadi 7, na katika ukumbi wa chini kutoka shilingi 3 na peni 6 hadi shilingi 4. Alitaja gharama za ujenzi, na hoja hiyo haikuwa ya upuuzi.

Watazamaji hawakuikubali. Kwa muda wa karibu miezi mitatu walipiga kengele na tarumbeta wakidai bei ya zamani, hata sauti za waigizaji zisisikike. Yadhaniwa kwamba waligombea peni 6 tu. Mimi naona kiini kilikuwa kingine: orofa nzima ya roshani ilikuwa imegeuzwa vyumba vya faragha vya matajiri, na maskini wakasukumwa juu kabisa, walikolalamika kwamba waliona miguu tu ya waigizaji.

Desemba Kemble aliomba radhi. Ukumbi wa chini ulirudishiwa bei yake, na vyumba vya faragha vikapunguzwa. Roshani zilibaki shilingi 7.