Jokofu la sola: jinsi ya kulinda chakula cha mtoto wako

Maziwa, samaki na uji uliobaki huharibika haraka kwenye joto. Ukivitupa, umepoteza fedha. Mtoto akivila, anaweza kuharisha na kuishiwa maji mwilini. Jokofu la sola hukusaidia hata mahali ambapo umeme haujafika.

Linafanyaje kazi?

Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kuendesha jokofu. Usiku hutumika umeme uliohifadhiwa kwenye betri. Aina nyingine hazina betri: mchana hugandisha barafu ndani yake, na barafu hiyo hutunza baridi hadi asubuhi.

Si lazima kila nyumba iwe na lake. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs huweka vyumba vya baridi vya sola masokoni, na wauzaji hulipia kila kreti kwa siku.

Baridi haiui vijidudu

Huvipunguzia tu kasi ya kuongezeka. Kwa hiyo:

- Hakikisha ndani ya jokofu ni chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Tumia kipimajoto.
- Usiache chakula kilichopikwa nje kwa zaidi ya saa 2. Kigawe kwenye vyombo vidogo ili kipoe upesi, kifunike, kisha kiweke ndani.
- Weka nyama na samaki wabichi rafu ya chini, kwenye chombo chenye mfuniko, ili maji yake yasidondokee chakula kingine.
- Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanaweza kukaa humo hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya uvuguvugu, si jikoni.
- Chakula kingine kilichopikwa kipashe hadi kitoe mvuke, kisha kiache kipoe kabla ya kumlisha mtoto.
- Fungua mlango mara chache, hasa usiku na siku za mawingu.

Jokofu likipoteza baridi kwa zaidi ya saa 2, tupa chakula kilichopikwa. Usikionje kwanza: chakula chenye vijidudu huenda kisinuke.

Jokofu la zahanati ni la chanjo tu

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Usiombe kuweka chakula humo. Mlango ukifunguliwa ovyo, chanjo za watoto zinaweza kuharibika.

Mtoto akiharisha

Mpe maji ya ORS na endelea kumnyonyesha. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au hawezi kunywa.