Namba za 00

Namba za 00 ni namba wanazopewa majasusi wachache wa idara ya siri ya Uingereza katika riwaya za Ian Fleming na filamu za James Bond. Sufuri mbili humaanisha kwamba mwenye namba ana leseni ya kuua akiwa kazini. Tarakimu inayofuata humtambulisha yeye mwenyewe. Katika Casino Royale (1953), Bond, yaani 007, alistahili namba hiyo baada ya kuua watu wawili: Mjapani mtaalamu wa maandishi ya siri jijini New York, na raia wa Norway aliyetumikia pande mbili, huko Stockholm. Moonraker (1955) inataja majasusi watatu tu wa daraja hilo, ambao hustaafu kwa lazima wakifika miaka 45.

Leseni hutolewa na dola na hutwaliwa nayo. Katika filamu ya Licence to Kill (1989), mkuu wa idara, M, anamvua Bond leseni anaposhikilia kulipiza kisasi cha rafiki yake. Uamuzi huo ni wa haki, kwani pasipo idhini, mauaji yaleyale huwa jinai. Namba nayo hurithiwa: katika No Time to Die (2021), 007 ni mwanamke, Nomi.